MIDI kwa wapiga vinanda: kupanga pachi na CC bila wimbo kukuharibikia

Nimeona niandike hii kitu mara moja tu, maana kila wiki napata maswali yale yale na mengi yaja usiku, mtu ashakasirika na laptopu yake. "Nimeomba kodiani nimepewa harmonika." "Fidla zimenyamaza zenyewe katikati ya wimbo." "Nikizungusha hii nobu hakuna kinachosonga." "Jana ilikuwa sawa, leo nimefungua ngoma zimekuwa piano." Wallahi yote hayo ni mushkili mmoja, umebadilisha kanzu tu.

Mushkili wenyewe ni huu. MIDI haibebi sauti, yabeba amri: bonyeza hii, wacha hii, badili pachi (yaani sauti ya ala), punguza. Na kile kinachopokea amri, kiwe ni kinanda au plagini (ala ya ndani ya kompyuta), chashikilia ile amri ya mwisho mpaka uje ukiambie vingine. Ukikiambia nyamaza kitanyamaza, na hakijui kuwa wimbo umekwisha na mwengine umeanza.

Mimi nililijua hili kwa aibu. Harusi moja Kisauni, wimbo wa kwanza niliumaliza kwa kufifisha sauti pole pole, nikaiteremsha volyumu ya kodiani mpaka 0. Wimbo wa pili ndio wa kumuingiza bi harusi, ashafika mlangoni, wamama washasimama, vigelegele vimeanza, na kodiani ndiyo inayofungua. Kimya. Besi yaenda, ngoma zaenda, mimi nabonyeza kwa nguvu utadhani ni mambo ya misuli, mwimbaji ananitazama jicho lile unalolijua. Kodiani haikuwa na ubovu wowote, ilikuwa pale pale kwa 0 nilipoiwacha.

Kwa hivyo hapa chini ntakuonyesha namna ya kupanga wimbo wako uwe wajianzisha wenyewe kila mara, bila kutegemea kilichopigwa kabla yake. Mimi natumia programu ya muziki ya Reaper kwa sababu ni nyepesi na laptopu yangu ni ya zamani, ina majaribio ya siku 60, lakini ukiwa na FL Studio, Cubase ama Ableton Live mambo ni yale yale, majina ya menyu ndiyo yanabadilika.

KABLA HUJAANZA

Kuwa na hivi vitu mezani, usianze halafu ukaenda kutafuta:

- Laptopu na programu ya muziki ishawekwa.
- Kinanda au kontrola (kile cha kutuma amri tu, hakina sauti yake) yenye USB. Vinanda vingi vikubwa vyataka ile waya ya USB ya printa, kichwa kimoja mraba. Kontrola ndogo zatumia waya kama za simu, na hapo jihadhari, waya nyingi za bei rahisi ni za kuchaji peke yake, hazipitishi data. Nimeona mtu akirudisha kontrola dukani mara mbili na shida ni waya ya mia.
- Kitu cha kutoa sauti. Yaweza kuwa kinanda chenyewe, au faili la SF2 lenye sauti zote za General MIDI, ile orodha ya sauti inayofuatwa na vinanda vingi. FluidR3 na GeneralUser GS ni za bure na zatosha kabisa kujifunzia. Kwa Windows waweza kuliweka hilo faili ndani ya VirtualMIDISynth, halafu programu yako italiona kama ni kinanda kimechomekwa.
- Orodha ya sauti za kinanda chako, ile yenye nambari za benki. Iko mwisho wa kitabu chake au kwa faili tofauti kwenye tovuti ya walioitengeneza. Bila hii utabahatisha mpaka asubuhi.
- Daftari na kalamu. Usinicheke, utaona kwa nini.
- Hedifoni, na kama mtaani kwenu stima yapotea potea, betri ya laptopu iwe imejaa.

MANENO MATANO TU, HALAFU TUENDE

Chaneli: ni njia. Ziko 16 kwa kila poti (kila muunganisho wa kifaa), na kila chaneli yashika pachi moja kwa wakati mmoja. Kwa General MIDI chaneli ya 10 ni ya ngoma, usiiguse kwa kingine.

Pachi: ni sauti yenyewe, kodiani, piano, besi. Wengine waita toni, wengine voisi. Zaitwa kwa nambari.

Benki: pachi zaenda 128 tu kwa kila benki, kwa hivyo kinanda chenye sauti 600 kimezigawa kwa benki. Benki yachaguliwa kwa amri mbili, CC 0 na CC 32.

CC: ni amri ya kurekebisha kitu wakati wimbo unaendelea. Ina nambari yake na thamani yake kutoka 0 hadi 127. Kwa nini 127? Kwa sababu hii kitu ni ya 1983, walitenga biti 7 kwa kila thamani, na biti 7 zatoa nambari 128 ukihesabu na sifuri.

Bendi: ile gurudumu ya kupandisha na kuteremsha noti. Hii si CC, ina amri yake peke yake na ina hatua 16,384, ndio maana yateleza laini kuliko nobu.

Hizi ndizo CC utakazotumia kila siku, ziandike kwa daftari:

1 – modulesheni, kutetemesha sauti
7 – volyumu ya chaneli
10 – kushoto na kulia, 64 ni katikati
11 – ekspresheni, kupumua kwa sauti
64 – pedali ya kushikilia, 0 hadi 63 imewachwa, 64 hadi 127 imekanyagwa
91 – mwangwi
93 – korasi
121 – rudisha mambo mahala pake
123 – zima noti zote

HATUA ZENYEWE

1. Chomeka na uwashe kinanda KABLA ya kufungua programu. Programu nyingi zahesabu vifaa zikiwa zafunguka, ukichomeka baadaye hazikioni halafu waanza kulaumu draiva. Ikishafunguka nenda «Preferences», tafuta sehemu ya MIDI, washa kinanda chako kwa upande wa kuingia, na kama sauti zitatoka kwenye kinanda ama VirtualMIDISynth washa na upande wa kutoka. Watu wengi wawasha kuingia peke yake, halafu wauliza mbona pachi hazibadiliki.

2. Kwanza tazama kinanda chako chasema nini. Hii hatua watu wairuka na ndiyo yenye faida. Kwa Reaper weka ReaControlMIDI kwa treki, bonyeza «Show Log», halafu gusa kila kitu kimoja kimoja: kii, gurudumu, pedali, kila nobu. Utaona kila kimoja chatuma nambari gani. Andika kwa daftari, nobu ya kwanza CC 74, ya pili CC 71, na kadhalika. Kontrola yangu mimi nobu ya nne ilikuwa yatuma CC 7 kutoka kiwandani, kila nikiigusa kwa bahati mbaya volyumu yaanguka, na nilikaa mwezi mzima nikidhani ni faili la sauti lina kasoro.

3. Gawa chaneli kabla ya kurekodi chochote. Tuseme wataka kutengeneza wimbo wa taarab wa kawaida. Mimi napanga hivi: chaneli 1 kodiani, 2 fidla za pamoja, 3 besi, 4 ogani, 5 gita, 10 ngoma. Treki moja kwa chaneli moja, na jina la treki uliandike wazi na nambari, "01 kodiani", si "Track 1" mpaka "Track 9" halafu wiki ijayo hujui kipi ni kipi. Ukishazoea tumia mpango huo huo kwa nyimbo zako zote, utanishukuru siku ya kuzipiga mfululizo kwa shughuli.

4. Wacha ba ya kwanza wazi (ba ni kile kipimo kimoja cha mapigo). Usianze kupiga kwa ba ya kwanza. Ile ba ni ya kupangia, hapo ndipo utakapoweka amri zote za mwanzo, na muziki uanze ba ya pili. Hii ndiyo dawa ya ile aibu yangu ya Kisauni, kwa hivyo tulia hapa tuifanye vizuri.

Kwa kila chaneli weka hizi amri kwa mpangilio HUU HUU, na uzitenganishe kidogo, zisikae zote kwenye nukta moja:

a) CC 121, thamani 0
b) CC 0, nambari ya benki kutoka kwa orodha ya kinanda chako
c) CC 32, nambari ya pili ya benki
d) amri ya kubadili pachi
e) CC 7, thamani 100
f) CC 10, thamani 64 au utakapo
g) CC 11, thamani 127
h) CC 64, thamani 0
i) CC 91, anza na 40

Sasa sikiza. Benki lazima itangulie pachi. Ukituma benki peke yake hakuna kitakachobadilika, kinanda chaiweka akilini chasubiri pachi. Ukituma pachi kwanza halafu benki, utapata pachi ya benki ya zamani, na hiyo benki mpya itakuja kuruka kwa pachi itakayofuata, yaani kosa laonekana mahala pengine kabisa. Na CC 121 usiitegemee kupita kiasi: yarudisha gurudumu, ekspresheni na pedali, lakini volyumu, kushoto-kulia na pachi haivigusi. Mimi nilidhani yafuta kila kitu. Haifuti, ndio maana CC 7 na CC 10 waziandika mwenyewe.

Kwa Reaper fungua noti za treki, chini kuna vijia vya CC, chagua kijia cha «Bank/Program Select» kwa pachi na benki, halafu ongeza vijia vya 7, 10, 11 uchore humo. Kwa Ableton Live benki na pachi zaandikwa kwenye klipu yenyewe. Kwa FL Studio kama watuma nje tumia «MIDI Out» na uhakikishe nambari ya poti yake ni ile ile uliyoipa kinanda kwa mipangilio, zikitofautiana hakuna kitakachotoka na hakuna atakayekwambia.

5. Pata nambari ya pachi sawasawa. Haya, hapa ndipo kodiani hugeuka harmonika. Ndani ya waya pachi zahesabiwa 0 hadi 127, lakini vitabu vingi vyaandika 1 hadi 128 kwa sababu binadamu hatuanzi kuhesabu na sifuri. Kwa orodha ya General MIDI kodiani ni 22. Kama programu yako yaanza na 0 na wewe ukaandika 22, utapewa ya 23, nayo ni harmonika. Ukiandika 21 utapata kodiani yako. Kwa hivyo jaribio ni moja: andika nambari ndogo kabisa inayokubaliwa. Ikikubali 0, basi toa moja kwa kila nambari ya kitabuni. Ikikataa kushuka chini ya 1, andika kama ilivyo.

Hizi ni za kitabuni zinazofaa nyimbo zetu: 1 piano, 17 ogani, 22 kodiani, 25 gita ya nailoni, 34 besi ya vidole, 41 fidla moja, 49 fidla za pamoja, 74 filimbi. Udi haimo, kanuni haimo, tashkota haimo. Wengine waweka 108, ile koto ya Kijapani, mahala pa tashkota, na kweli tashkota asili yake ni Japani lakini hiyo koto masikioni mwangu ni kitu chengine, bora utafute faili la sauti lililorekodiwa kwa ala yenyewe.

6. Rekodi noti kwanza, CC baadaye. Usijaribu kupiga na kuzungusha nobu pamoja kama mkono wa kushoto bado wahangaika. Piga noti, sahihisha, halafu kwa Reaper geuza treki iwe «MIDI overdub», rudi mwanzo, sasa sogeza gurudumu au pedali peke yake huku wimbo wapiga. ONYO: kuna «MIDI replace» na overdub zimekaa karibu karibu. Ile ya kwanza yafuta noti zako. Kama umekosea bonyeza Ctrl+Z hapo hapo, usiseme ntaangalia kesho.

7. Tofautisha CC 7 na CC 11. Zote mbili zaongeza na kupunguza sauti, ndio maana watu hawaoni tofauti. Tumia hivi: CC 7 ni mizani ya wimbo mzima, kodiani iwe juu ya ogani au chini yake, waiweka mwanzoni basi. CC 11 ni pumzi, ndiyo ya kufanya fidla zipande na kushuka. Kufifisha mwisho pia fanya kwa CC 11, kwa sababu wimbo unaofuata ukianza na CC 121 ekspresheni yarudi 127 yenyewe, volyumu hairudi. Laiti ningelijua siku ile.

Fidla ukiziwacha bila CC 11 zatoka kama kengele ya mlango. Mfano wa kuanzia: mstari wa ba mbili, anza na 60, panda pole pole hadi 105 pale mwimbaji anapovuta neno, halafu teremka 75 kabla ya kibwagizo. Chora kwa mkono, usitumie mstari ulionyooka, fidla ya kweli hainyooki. Na kodiani vile vile, ile mifuko yavutwa na kusukumwa, kwa hivyo pale ambapo mpigaji angebadilisha upande weka kishimo kidogo cha CC 11, kutoka 100 hadi 70 halafu juu tena kwa haraka. Ni kitu cha sekunde moja lakini watu wataacha kukuuliza kama ni kompyuta.

Tahadhari moja: ukichora mkunjo wenye nukta mia tano na watuma kwa kinanda cha zamani kupitia ile waya ya pini tano, mambo yatachelewa. Waya ile kila amri ya CC yachukua karibu milisekunde moja kupita, na zote zapanga foleni moja kama gari za feri ya Likoni. Punguza nukta, sikio halitajua.

8. Robo toni. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, wasema kinanda cha kizungu hakiwezi rasti wala bayati, zile skeli za Kiarabu. Chaweza. Rasti ukianzia C yataka E na B ziteremke robo toni, yaani nusu ya ile hatua kutoka kii nyeupe hadi nyeusi iliyo ubavuni, inayoitwa semitoni. Bendi ya kawaida yafika semitoni mbili juu na mbili chini. Programu inayoonyesha bendi kutoka -8192 hadi 8191, semitoni moja ni 4096, kwa hivyo robo toni ni -2048. Weka -2048 nukta chache kabla ya E kuanza, na 0 kabla ya noti inayofuata. Ukiweka kwa wakati mmoja na noti utasikia ikiteleza, na saa nyingine hiyo yapendeza, lakini iwe ni wewe umetaka.

Mtego wake: bendi yavuta chaneli nzima. Ukiwa umeshika C na G chini na wewe wateremsha E, zote zashuka pamoja na wimbo wageuka kilio. Mimi nafanya hivi, nafungua chaneli mbili zenye pachi moja ya fidla, chaneli 6 kwa noti za kawaida, chaneli 7 kwa E na B peke yake, na chaneli 7 nairekebisha mwanzoni kabisa iwe imeshuka robo toni wimbo wote. Kwa ba ile ya kwanza, kwenye chaneli 7, mfululizo: CC 101 thamani 0, CC 100 thamani 1, CC 6 thamani 32, CC 38 thamani 0. Halafu ufunge mlango kwa CC 101 thamani 127 na CC 100 thamani 127. Huo mlango usiusahau, ukiuwacha wazi, CC 6 yoyote itakayopita baadaye itaiharibu tuni yako. Kuna plagini hazisikii hizi amri, ukiona hakuna kilichobadilika rudi kwa bendi. Na kama una kinanda cha matoleo ya Kiarabu chenye vibonyezo vya skeli, basi wewe una raha, tumia hivyo.

9. Unganisha nobu na kitu. Kwa Reaper gusa kwa mausi kile unachotaka kukiendesha ndani ya plagini, nenda «Param», halafu «Learn», zungusha nobu, tayari. Live ni Ctrl+M, wabonyeza kitu, wazungusha, wabonyeza Ctrl+M tena kutoka. FL bonyeza kulia juu ya nobu ya kwenye skrini, «Link to controller». Rahisi. Usiunganishe nobu moja na vitu vinne siku ya kwanza.

10. Kubadili pachi katikati ya wimbo. Ushauri wangu: usibadili. Chaneli ziko 16 na wewe watumia sita, kama wataka ogani kwenye kibwagizo ipe chaneli yake na noti zake. Ukibadili pachi noti ikiwa bado yalia, vinanda vingine vyaikata kama kisu. Kama ni lazima, weka benki na pachi pale pana kimya, angalau pigo moja kabla, na baada yake andika tena CC 7 na CC 91, kwa sababu pachi mpya yaweza kuwa na kelele kuliko ile ya kwanza.

11. Hifadhi mara mbili. Moja kama projekti ya programu yako, na moja kama faili la .mid. Ukipelekea mtu mwenye kinanda cha kuchomeka fleshi, mpe aina ya 0, ile ya treki zote kuwa moja, vinanda vya zamani vyaisoma kwa urahisi zaidi. Halafu fungua lile faili la .mid kwenye projekti tupu ulisikize. Likitoka sawa bila wewe kugusa kitu, ba yako ya kwanza iko sawa.

MAMBO YAKIKATAA

Sauti yatoka mara mbili, kama watu wawili wapiga. Kinanda chajipigia chenyewe na programu yakirudishia tena. Zima «Local Control» kwa kinanda, au kitumie CC 122 thamani 0. Ukimaliza kazi irudishe 127, la sivyo vinanda vingine kesho utakiwasha bila laptopu kiwe bubu, na hapo ndipo watu hukimbilia fundi.

Noti imekwama yalia haikomi. Kwanza pedali, tuma CC 64 thamani 0. Bado? CC 123. Bado? CC 120, hiyo yakata kila kitu papo hapo. Mara nyingi sababu ni kuwa ulikata klipu pedali ikiwa imekanyagwa, na ile amri ya kuiwacha ikabaki upande uliofutwa.

Nikianzia katikati pachi si zenyewe. Umeruka ba ya kwanza, kwa hivyo hakuna aliyekiambia kinanda chochote. Programu nyingi zina kitu waita «chase», kiwashe kitazitafuta amri za nyuma. La hakipo, anzia mwanzo japo sekunde mbili halafu uruke.

Ngoma zimekuwa piano. Treki ya ngoma imetoka chaneli 10. Hutokea sana ukinakili treki. Tazama pia kama treki yenyewe imelazimishwa chaneli moja kwa mipangilio yake, hapo noti zaonyesha 10 lakini zatoka 1.

Nimesafirisha wimbo, faili halina sauti. Watuma MIDI nje, kwa kinanda au VirtualMIDISynth, na ile sauti haipiti ndani ya programu kabisa. Hadi uirekodi irudi kama audio, au utumie plagini ya SF2 ndani ya treki.

Programu yasema haiwezi kukifungua kinanda. Kwa Windows mara nyingi ni programu nyengine imekishika, labda FL iko wazi nyuma, au MIDI-OX. Zifunge zote, anza upya.

Nikigusa nobu thamani yaruka ghafla. Nobu iko 20 na programu iko 100, ukiigusa tu yaenda 21. Tafuta mpangilio wa «pickup» au «soft takeover», nobu itangoja mpaka ifike pale thamani ilipo.

Noti ziko oktavu nyengine. Noti nambari 60 wengine waiita C3, wengine C4, FL yaiita C5. Mkielewana na mwenzako tumieni nambari, si jina.

CC zajiandika zenyewe bila kuguswa. Hii ni yetu sisi wa pwani. Hewa ya chumvi yaingia ndani ya nobu na zile slaida za kusukuma juu na chini, yala ule mkanda wa ndani, halafu nobu yatetemeka kati ya 63 na 64 usiku kucha na kurekodi yote hayo. Ya kwangu ilikaa karibu na dirisha linalotazama bahari, miaka miwili basi. Fungua ile «Show Log» ya hatua ya 2, usiguse kitu, ukiona nambari zatembea umempata mwizi. Zungusha nobu mwanzo mwisho mara ishirini thelathini, saa nyingine yajisafisha. Ikikataa, dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, kidogo, kinanda kikiwa kimezimwa, uiwache ikauke. Na ukimaliza kupiga kifunike. Leso yatosha, mimi natumia moja ya zamani ya mamangu, mbili kama ni msimu wa kusi.